Padre Aliyepanda Mtu

Jumatatu, 5 Mei
Ukungu Tumati tangu asubuhi. Kikao cha kamati ya jubilei ya kigango kimefanyika darasani kwangu, kwa hiyo nimekaa mbele kama mwenyeji. Mwenyekiti, Mzee Margwe, ameeleza shida. Marehemu Modest, katekista wa kwanza hapa, aliandika historia ya kigango kwa taipureta. Mchwa wakaanza kula karatasi, zikapelekwa Mbulu mjini kupigwa picha, zikawa PDF. Sasa kinatakiwa kitabu, na PDF hairekebishiki. Ukigusa herufi moja ukurasa mzima unasogea, maana ni picha tu. Lazima mtu achape upya.

Mwalimu Agripina wa Kiswahili, mzaliwa wa hapahapa, akasema anaweza ila apewe muda. Hakumaliza. Nilikuwa nimeshasimama. Nikasema mimi Kenneth nitachapa yote kwa mikono yangu na Ijumaa wataipata. Mzee Margwe akafurahi. Akasema atakayechapa ndiye atakayesoma mbele ya watu Jumapili ya jubilei, na jina lake litaingia kitabuni.

Nachapa kwa kidole kimoja. Hilo sikulitaja.

Jumanne, 6 Mei
Nusu ukurasa, na kidole kimevimba. Wino umefifia, herufi zimepandana. Nikatafuta msaada kwenye simu. Kumbe kuna programu inayosoma picha na kukupa maneno.

Nimeilisha ukurasa mmoja. Mstari mwembamba wa mwanga ukashuka juu ya karatasi, kama mtu anayepitisha kidole akisoma. Kisha maneno yakatokea pembeni, meusi, yamenyooka. Nikafuta herufi, ikafutika. Nikaiandika, ikarudi. Kuna ukurasa wenye doa la chai ambapo macho yangu hayaoni kitu. Programu imetoa sentensi nzima.

Mtu amekufa, karatasi zake zimeliwa, na bado maneno yake yalikuwa mle ndani yanasubiri kuitwa. Nimevua kofia, nikiwa peke yangu chumbani.

Halafu nikakumbuka kwamba hakuna anayejua.

Alhamisi, 8 Mei
Kazi imekwisha tangu juzi. Sijaisoma, ni ndefu. Nimefunga kidole bandeji na kuzunguka nacho ofisi ya walimu. Nimepewa pole nyingi. Agripina akajitolea kupitia kurasa kabla ya kesho, hasa majina ya Kiiraqw, maana yana herufi zake. Nikamjibu kwamba mtu aliyechapa neno kwa neno hahitaji kupitiwa. Akaniangalia kidole, akasema sawa.

Ijumaa, 9 Mei
Siku mbaya. Pia sijawahi kuona siku kama hii.

Tulikutana nyumbani kwa Bibi Ludovika, mjane wa Modest. Nikampa shikamoo, nikafungua kompyuta na kusoma kwa sauti ya kanisani. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, Mzee Hhando, mmoja wa wabatizwa wa mwanzo, ametoka kwa jina la Mhando. Mzee Margwe akauliza huyu mtu mwenye jina la Kitanga alifika lini Tumati. Nikasema zamani.

Nikaendelea haraka. “Padre akapanda mtu mbele ya kanisa, tukaumwagilia kila jioni hadi ukazidi paa.”

Mzee Margwe akauliza kwa upole, “Mwalimu, ulikuwa unachapa au ulikuwa umelala?”

Nikasema kidole kilikuwa kinauma.

“Hiyo ni programu,” Agripina akasema. “Hata mimi naitumia. Muda niliouomba ulikuwa wa kusoma.”

Nilitamani ukungu uingie ndani. Lakini Bibi Ludovika hakuwa anatusikiliza. Aliuliza kama yale maneno yanaweza kukuzwa. Miaka sasa macho yake hayawezi kusoma karatasi. Agripina akayakuza hadi mstari mmoja ukajaa kioo, kisha mwingine. Bibi akasogea, akasoma mwenyewe, polepole, kwa sauti.

“Mwaka wa njaa nilitaka kuacha ukatekista. Ludovika akaniambia, nenda kafundishe, shamba nitalima mimi.”

Mzee Margwe akainamisha kichwa.

“Nilisema hivyo kweli,” Bibi akasema. “Sikujua kama alisikia.”

Nilitazama kile kioo, kitu cha kawaida kabisa, chenye vumbi la chaki, na nywele zikanisisimka. Hata kidole nilikisahau.

Jumapili, 11 Mei
Jubilei. Jana Agripina na Bibi Ludovika walishinda wakisahihisha. Agripina ndiye aliyesoma mbele ya watu. Hhando amerudishiwa jina lake na wajukuu wake wakapiga vigelegele. Mti ukawa mti. Ukurasa wa njaa Bibi ameusoma mwenyewe, kutoka kwenye kioo, mbele ya kanisa lote, na watu wakasimama bila kuambiwa.

Mimi nilipewa kushika waya wa chaji usichomoke. Niliushika vizuri. Machozi yalinitoka, nikasingizia ubani.

Jumanne, 13 Mei
Onesphory amekuja shuleni. Ni mganga wa zahanati moja huko Balangdalalu, mtu wa Bukoba, na Jumapili alikuwa mgeni wetu. Kijana wake anaoa katika kijiji cha Dirma, kwa Wadatoga. Anatafuta mtu wa kusimama mbele ya wazee wa bibi harusi na kutoa hotuba kwa Kidatoga, wasije wakaona wamedharauliwa. Akauliza kama namfahamu mtu wa namna hiyo.

Nikamwambia anaongea naye.

Akanishika mikono yote miwili. Akasema Mungu amenileta. Hotuba ni Jumamosi, na nitakaa meza kuu.

Kidatoga sijui hata salamu. Lakini nasikia kuna programu inayotafsiri lugha zote.