Daktari wa Bati wa Kadutu

Monsieur Adalbert hakuwahi kukunja bati maishani mwake, wala kulikunjua. Alichokuwa nacho ni kofia ngumu ya kizungu, kalamu isiyo na wino iliyochungulia mfukoni, na masikio. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakimlisha.

Asubuhi moja ya mwaka 1956 masikio hayo yalikuwa Nyawera, mtaa wa Bukavu, mbele ya kikombe cha chai kilicholipiwa na mtu mwingine, yakimsikiliza Assani, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Uvira.

"Mafundi wa injini ninao hata wa kugawa," Assani alilalamika. "Ila bati! Lile bati jembamba la kabini, Bukavu nzima hakuna mutu wa kuliweza. Wakilipiga moto linajikunja kama jani la mugomba. Mutu akiniletea leo kamyo ya bati zima, hata kama injini inakohoa, ninanunua papo hapo."

Adalbert alimaliza chai, akamshukuru Mungu, akaenda kutafuta bati zima.

Alilipata katika mtaa wa Kadutu kabla ya saa sita. Uani kwa Maman Domitille, kati ya kuku na nguo zilizoanikwa, ilisimama kamyo ya buluu iliyong'aa kama kanzu ya Pasaka. Milango laini, mabati ya juu ya magurudumu yameviringika bila kovu. Adalbert alivua kofia. Kuna wanaume huvua kofia mbele ya msalaba. Yeye alivua mbele ya mali ya mjane.

Msomaji naye ajue mapema jambo ambalo Adalbert hakulijua. Kamyo ile iliachwa na marehemu mume wa Domitille ikiwa imeliwa na kutu hadi mifupa. Kaka yake Domitille, Firmin, aliahidi kuitengeneza palepale nyumbani. Firmin alikuwa seremala, na seremala akipewa bati hulitendea kama ubao. Alilipiga randa. Alilipiga misumari. Akaazima moto wa gesi, akachomea tundu moja, yakazaliwa mawili. Baada ya miezi mitatu na vidole viwili vyenye malengelenge, na wakwe wakikaribia kuja kuondoa matanga, alileta udongo wa mfinyanzi kutoka Nyantende, akaukanda kwa gundi ya mbao na nyuzi za magunia, akaziba, akasugua siku nne, akapaka rangi kwa nje. Ndani hakupaka, nani huwavalisha maiti chupi mpya? Nia haikuwa kumdanganya mtu. Domitille hakutaka tu gari la mume wake lionekane uchi mbele ya wageni.

Tena alikuwa na shida nzito kuliko kamyo. Karani wa cité, mji wa Waafrika, alikuwa amemwambia kwamba mjane asiye na kazi hana cha kufanya mjini. Mwisho wa mwezi arudi kijijini Mumosho na watoto wake wawili, na shule waiache. Domitille alikuwa amejifunza kushona katika masomo ya jioni kwa masista. Alijua kupima bega, kukata kola, kuandika jina la mteja bila kukosea. Alichokosa ni cherehani. Mwenye cherehani ni fundi, na fundi anakaa mjini.

"Maman," Adalbert alianza, sauti imejaa mafuta, "mimi ni expert. Ninapima mabati ya Leta, ya serikali. Naona hii kamyo, roho inaniuma. Unaruhusu?"

Alitoa mfukoni vipande viwili vya chuma, vyote vyekundu, vinavyofanana kama pacha. Kimoja kilikuwa sumaku. Cha pili kilikuwa chuma tu, kama vyuma vingine vya Mungu.

Alichukua jembe la Domitille, akaligusa kwa sumaku. Ikanasa. Majirani wakasogea.

"Munaona? Jembe iko hai. Chuma hai kinashika chenzake."

Akageuka, akakohoa kwa heshima, na mkono ulipotoka mfukoni ulikuwa na yule pacha asiye na kazi. Akamweka kwenye mlango wa kamyo. Akaanguka. Akamweka juu ya gurudumu. Akaanguka. Adalbert alifunga macho kama daktari anayetoka wodini na habari mbaya.

"Imekufa, maman. Bati yote. Pole."

Majirani walishika vinywa. Mmoja akakimbia kuleta pasi yake ya mkaa ipimwe. Mwingine akaleta panga. Adalbert aliwapimia kwa sumaku, na vyuma vyote vya mtaa vikakutwa hai, isipokuwa karai la mama mmoja aliyeuliza maswali mengi.

Domitille akamwangalia Firmin. Firmin akaangalia viatu vyake.

"Papa, umesema kweli," Domitille alisema polepole. "Huu mulango ndani ni udongo. Kaka yangu huyu, seremala, njo aliujaza."

Adalbert alicheka kwa huruma. "Maman, mutu akisha kukubali kwamba maiti ni maiti, hana haja ya kumutukana tena."

"Ni udongo, papa! Mimi mwenyewe njo nilifinyanga," Firmin alisema, na aibu ikachanganyika na majivuno kidogo.

"Weye nyamaza. Seremala anafinyanga tangu lini?" Akamgeukia mjane. "Mimi sina roho mbaya. Nyumbani niko na mashini ya kushona, ya miguu, nzima kabisa. Weye lete maiti yako, mimi nikupe mashini. Nitauza vyuma kilo kwa kilo."

Cherehani hiyo ilikuwa imetoka kwa fundi mmoja wa Idjwi, kwa njia ambazo yule fundi hadi leo anajaribu kuzielewa.

Moyo wa Domitille uliruka hata akaogopa majirani watausikia. Bado akasema, kwa mara ya pili, maana masista walimfundisha kusema kweli pamoja na kushona kola: "Papa, usije kusema sikukuambia. Ikinyesha mvua, itayeyuka."

"Maman! Uko na maneno kama mushairi!" alisema Adalbert, akaenda mbio kuileta mashini kabla mjane hajabadili nia. Alikuwa amesema uongo kwa miaka mingi kiasi kwamba ukweli, ukimsimamia mbele, aliuona kama uongo wa mtu asiyejua kazi.

Injini iliwaka kwa kikohozi. Adalbert akashuka Kadutu akipiga honi. Njia ile ina mawe ambayo hata mbuzi huyafikiria kwanza. Kwenye jiwe la kwanza, kabini ilitoa sauti kama chungu kinachopasuka. Kwenye la kumi, mvua ya Bukavu, ambayo haimwombi mtu ruhusa, ikafungua mbingu. Maji yakaingilia dirishani, yakateremka ndani ya mlango, yakaukuta udongo wa Firmin ambao haukupakwa rangi, na udongo ukayanywa yote.

Alipofika Nyawera kwa Assani, magurudumu yalikuwa yanalia uji mwekundu. Ngozi ya buluu ilining'inia.

"Papa," Assani alisema akiwa mlangoni na kikombe mkononi, "umeniletea kamyo ao chungu?"

"Ni vumbi ya njia tu! Bati iko hai, ngoja nikuonyeshe!"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Adalbert alipima kwa nia njema. Alibandika sumaku, ile ya kweli, kwenye mlango. Ikaanguka. Akaibandika juu, chini, pembeni, akizunguka kamyo kama mtu anayemtafuta mkewe sokoni. Ikaanguka, ikaanguka. Kwa hasira akauegemea mlango kwa makalio. Mlango ukaondoka, bawaba ikabaki, na bawaba hiyo ikaondoka na makalio ya suruali yake.

Kesho yake alimshitaki Domitille mbele ya Muzee Léopold, mwamuzi wa cité.

"Ulipima hiyo kamyo?" Léopold aliuliza, vile vyuma viwili vyekundu vikiwa vimetolewa mfukoni na kuwekwa mbele yake.

"Nilipima, muzee."

"Kwa chuma hiki?"

"Hicho."

"Kikasema nini?"

"Kwamba bati imekufa."

"Na bati iko namna gani?"

"Imekufa, muzee! Imekufa kabisa!"

Majirani waliojaa barazani wakaangua kicheko. Mzee akangoja kiishe.

"Chuma kilikuambia. Maman alikuambia. Seremala alikuambia. Sasa unalilia nini?"

"Muzee, kile chuma hakikuwa…"

"Hakikuwa nini? Karani, shika kalamu."

Adalbert aliitazama kalamu ya karani. Hiyo ilikuwa na wino. Neno moja zaidi, na yeye angelala gerezani.

"Hakikuwa na makosa, muzee."

"Basi mashini ni ya maman, kamyo ni yako, na uiondoe njiani leo. Hivi vyuma vinabaki hapa, ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini, kama kesi imekwisha?"

"Wa kesi zinazokuja."

Na kweli, tangu wiki hiyo, wenye kesi Kadutu walipimwa majembe kabla ya kusikilizwa. Jembe lililo hai lililipa yai. Lililokufa lililipa kuku.

Yule karani wa cité aliyetaka kumrudisha Mumosho, naye, alikwenda kwa Domitille kuiona cherehani kwa macho yake. Aliandika *couturière*, yaani fundi wa kushona, kwenye daftari kwa herufi za kupendeza, kisha akaomba ashonewe shati. Watoto wakaendelea na shule.

Jumamosi moja alikuja mteja wa kumi na nne, kiunoni amejifunga kikwembe, suruali ameikunja kwapani. Domitille aliitazama, akaingiza uzi, akaanza. Mashini ikapiga mbio. Monsieur Adalbert aliinamisha sikio, uso ukaingia huzuni.

"Maman," akasema kwa upole, "hii sauti… mashini iko mugonjwa. Niachie siku mbili tu, niende niipime."

Domitille hakutoa mguu kwenye kanyagio.

"Sogea kidogo, papa, unaniziba mwanga. Na unalipa kwanza, njo unavaa."