Wanaokula Mafuta Yangu ya Nywele

Kwa Mwenyekiti,
Kikao cha Familia cha Jumapili,
Kiti cha karibu na dirisha,
Sebuleni.

YAH: OMBI LA JIKO KUTAMBULIWA KUWA KARAKANA YA NYWELE

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni bibi yangu mzaa baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kama nilivyokuacha muda mfupi uliopita ukitafuta miwani yako. Iko juu ya redio.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Tangu ustaafu ukarani wa mahakama umetuwekea utaratibu kwamba kila Jumapili baada ya chakula cha mchana mwenye malalamiko anasimama, anayaeleza, anajibiwa, nawe unaamua. Utaratibu ni mzuri. Shida yangu ni hapo kwenye kusimama. Kila nikisimama mbele ya watu natafuta mlango kwa macho, na mwishowe nasema nilikuwa napita tu kwenda msalani. Ndiyo maana kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba mwaka huu nimekwenda msalani mara nyingi na sina malalamiko yoyote. Ninayo.

Kwa ufupi ni haya: tangu nimalize shule nimekuwa nikitengeneza vitu vya nywele jikoni, yaani jeli, mafuta na maji ya kusuuzia, na katika nyumba hii ya watu sita vinatumika kwa kila kazi isipokuwa nywele.

Ningeendelea kuvumilia, lakini leo ni Ijumaa na kesho ni siku yangu. Yule mwenye saluni ya pale kona, anayeitwa Mama Mkasi, alinikuta nimesimama nje ya mlango wake kwa siku ya tatu nikijikusanya niingie. Akaniuliza, "Binti, unanunua huo ukuta au unaingia?" Niliingia. Nilimwonyesha chupa, kwa maana kuongea kulikuwa kumekwisha. Akasema niende Jumamosi asubuhi nikiwa nimetengeneza nywele zangu kwa vitu vyangu mwenyewe, nishinde pale nikifagia, na jioni atazitazama. Zikiwa bado mahali pake, atanifundisha kazi na kuweka chupa zangu kwenye rafu yake. Zikianguka au zikitoa ukoko mweupe, nirudi nyumbani. Na nyumbani, kama ujuavyo, imeshaamuliwa kwamba nisipopata kazi nitakwenda kwa Shangazi kwenye duka lake la fotokopi, ambako mtu anatakiwa kupaza sauti kutwa nzima kuuliza nani anafuata.

Bibi, mimi siwezi kupaza sauti. Lakini saluni nimeichunguza kwa makini kupitia dirishani. Mteja anatazama kioo, msusi anasimama nyuma yake, na maneno yote anayatoa mteja. Sijaona kazi nyingine duniani ambayo mtu analipwa kwa kusimama nyuma ya mtu na kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wanaonizuia kuipata ni hawa wafuatao, nikianza na ninayempenda zaidi.

1. Babu anakula jeli yangu.

Jeli hii naitengeneza kwa mbegu za kitani, zile mbegu ndogo za kahawia zinazong'aa. Unazichemsha kwa moto mdogo huku unakoroga, mpaka maji yawe mazito kama ute wa yai, kisha unachuja upesi kabla hayajapoa. Yakipoa hayachujiki tena, utabaki unakamua kama mtu anayekama ng'ombe aliyegoma. Naihifadhi kwenye friji katika chupa ya jamu. Babu, ambaye meno yake yamebaki kwa ajili ya kutabasamu tu, aliikuta, akaonja, akaongeza sukari, akaimaliza. Kesho yake akatangaza mezani kwamba huo ndio uji bora aliowahi kupewa katika nyumba hii. "Unapita wenyewe," alisema. "Mtu huna hata haja ya kumeza." Mama, ambaye amempikia uji kila asubuhi tangu aolewe hapa, aliweka mwiko chini polepole sana. Tangu siku hiyo ananiita mpishi. Akitaka chumvi anasema, mpishi, nisogezee chumvi, kama una nafasi.

Nilimweleza Babu kwamba ile ni ya nywele. Alijipapasa kichwa, ambacho hakina unywele hata mmoja, akasema basi itakuwa inaanzia kazi ndani, tuipe muda. Sasa kila asubuhi ananiita nimtazame utosini kama kuna kilichoota.

2. Baba anapaka baiskeli mafuta yangu.

Haya ni yale meupe ya siagi ya shea. Nayeyusha siagi pamoja na mafuta ya nazi, natia matone ya mchaichai, naacha yagande kidogo, kisha nayapiga kwa mashine ya keki mpaka yanaumuka. Baba, kwa kuwa ni fundi baiskeli na karakana yake iko uani hatua chache tu kutoka jikoni, aliyapaka kwenye mnyororo uliokuwa ukilia, ukanyamaza. Sikatai kwamba ulinyamaza. Lakini sasa baiskeli za mtaa mzima zinanukia mchaichai, na yule msambaza mikate aliyekuwa akikimbizwa na mbwa kila asubuhi alikuja kumshukuru Baba, akisema siku hizi mbwa wanamsindikiza tu. Baba hajaniomba radhi. Ameniomba nitengeneze mengine mazito zaidi, ya baiskeli za mizigo.

3. Kaka anayapaka kwenye mkate.

Babu angalau ana udhuru wa umri. Kaka amenyoa upara kwa hiari yake, halafu anakuja kunimalizia mafuta kwa kisu. Nilipomfuma alitafuna kwanza, akameza, kisha akasema, "Dogo, siagi yako tamu, ila umesahau chumvi." Naye, kwa upendo wa kaka, alikuwa ameshaitia chumvi, akaikoroga vizuri, akairudisha kwenye friji bila kusema. Mimi nikaipaka kichwani. Nywele zangu za kipilipili, ambazo kwa kawaida tunaelewana, siku ile zilikauka zikasimama zote kwa pamoja kana kwamba zimeitwa majina. Nilivaa kitambaa wiki nzima, na Kaka akawaambia wenzake kwamba nimeokoka.

4. Mama alimwita fundi bomba aukamate mchele wangu.

Maji ya mchele yanaimarisha nywele, ila lazima yachachuke kwanza. Niliyaficha chini ya sinki kwenye chupa, nyuma ya sabuni, yatulie. Mama akasikia harufu. Akasema kuna panya amefia ukutani. Fundi bomba akaja, akafungua bomba la kwanza, akafungua la pili, akalaza sinki sakafuni, akaingiza kichwa ukutani, hakuona panya. Ndipo akaiona chupa. Aliifungua, akanusa, akakaa chini kidogo. Kisha akamwambia Mama kwa heshima zote, "Mama, panya wenu mmemhifadhi vizuri." Mama aliyamwaga maji yote mbele yangu. Alisema watu wanatafuta cha kula na mimi nalisha kichwa. Nilikuwa na jibu zuri sana. Nililipata juzi.

5. Mwenyekiti mwenyewe alichukua chujio langu.

Hili naliandika kwa adabu, na naomba likifika ujiondoe kitini kwa muda, kwa kuwa wewe ni mhusika. Jeli haichujiki kwa chujio la chai, inataka soksi ndefu ya nailoni. Ile niliyokuwa nikitumia ilikuwa yako, nakubali, lakini ulikuwa umeitupa kwa sababu imechanika kisigino, na uamuzi wako mwenyewe kuhusu redio ya Baba ulisema kwamba kilichotupwa ni mali ya aliyekiokota. Niliifua nikaianika. Wewe ukaianua, ukaivaa, ukaenda nayo kwenye mkutano wa wastaafu. Sikulaumu kwa kuivaa. Lakini ilikuwa bado na jeli, na uliporudi ukaivua ilibaki imesimama yenyewe kando ya kitanda kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Babu aliisalimia.

Kwa sababu hizo, naomba kikao kiniruhusu kutumia rafu ya chini ya friji. Nikifikiri zaidi naona rafu moja haitoshi, kwa kuwa mkono unaofika rafu ya juu hufika na ya chini, hivyo naomba friji yote, chakula kipikwe cha siku kiishe siku hiyohiyo. Lakini friji ikiwa ya nywele na jiko likabaki la chakula, watu wataendelea kupita na vijiko, na kijiko ndicho adui. Kwa hiyo naomba jiko lenyewe. Chakula kinaweza kupikwa uani kwenye meza ya Baba, ambayo tayari imepakwa mafuta. Mwenye njaa akitaka kuingia jikoni abishe hodi, aonyeshe kichwa, na kama kichwa hakina nywele azuiwe mlangoni, jambo ambalo litawahusu Babu na Kaka moja kwa moja. Baba aingie bila baiskeli. Mama namwachia aamue mwenyewe, ila asiniite mpishi, kwa maana nimethibitisha hapo juu kwamba nilichopika hakikuwa chakula.

Najua ombi ni kubwa. Lakini nikipata kazi pale kona nitakuwa natoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, na jiko mtalitumia nikiwa sipo. Kwa hiyo kunipa jiko ndiyo njia ya haraka zaidi ya kulirudisha.

Nimalizie kwa kukutakia afya njema na kikao chenye utulivu. Nisalimie Baba, yuko uani. Nisalimie Kaka, na umwambie namwona. Nisalimie Babu, leo utosini hakuna kitu bado. Nisalimie Mama, yuko jikoni, amefunga mlango tangu mchana na anachemsha kitu ambacho hataki kusema ni nini. Na wewe pia nakusalimu, ingawa tulishaamkiana.

Mimi mjukuu wako mtiifu,
wa chumba cha katikati.

N.B. Naandika hapa chini jioni ya Jumamosi, kabla barua haijasomwa, kwa sababu mambo yamebadilika.

Asubuhi nilitoa chupa yangu nyuma kabisa ya friji, nikasokota nywele, nikaenda. Niliona jeli ina ukijani kidogo nikadhani ni mchaichai ulioingia kutoka kwenye mafuta. Bibi, nywele zilikaa. Nilifagia, nilisimama karibu na drai ya kukaushia nywele, mvuke ukanipiga, feni ikanipiga, na hata unywele wa pembeni haukusogea. Jioni Mama Mkasi alivuta msokoto mmoja kwa kidole, akauachia, ukarudi mahali pake kama mlango wenye adabu. Akawaita wasusi wote waje kuvuta. Akauliza nimeweka nini, na mimi, mbele ya saluni nzima, niliongea. Nilieleza mbegu za kitani, moto mdogo, kuchuja, yote, na hakuna aliyecheka na sikwenda msalani. Akasema niende Jumatatu nimtengenezee mbele ya macho yake, na kazi nimepata.

Nilirudi mbio. Mama nilimkuta anaimba. Aliniambia kwamba amekuwa akifikiria jinsi ya kumrudisha Babu kwenye chakula chake, kwa hiyo jana alichemsha bamia mpaka zikatoa ute wote, akachuja, akaweka kwenye chupa ya jamu nyuma kabisa ya friji ili Kaka asiifikie, na leo Babu ameila yote kwa sukari na kusema, "Mkwe wangu, leo umempita yule mtoto mbali." Mama alikuwa na machozi machoni. Nilifungua friji. Ndani hakukuwa na chupa hata moja. Nilichukua ile tupu aliyoila Babu, nikaitazama chini kwenye mwanga. Ilikuwa na mbegu moja ya kahawia.

Mama sijamwambia. Naomba unisaidie wewe, kwa lugha ya mahakama, na umwambie kwanza sehemu ya nywele.

Malalamiko namba moja hadi tano nayafuta. Jiko libaki kwa mwenyewe. Badala yake naomba kikao kimruhusu Mama aende nami saluni Jumatatu, kwa kuwa mimi bamia sijui hata zinawekewa maji kiasi gani. Asiogope watu. Yeye akoroge tu, kuongea nitaongea mimi.