Kivinjari Chenye Kofia

Alhamisi, 15 Januari 2026

Nimemaliza! Alhamdulillahi. Orika Pemba, kivinjari cha kufungulia mtandao kwa maneno yetu wenyewe. Kimetengenezwa Tibirinzi, dukani kwangu, kati ya mashine ya fotokopi na kreti za soda.

Sawa, hakikutengenezwa chote. Asilimia tisini na tisa ni Orika, kivinjari cha watu wa ng'ambo wanaokigawa bure pamoja na msimbo wake, yale maandishi yanayokiendesha, ruhusa kuufumua na kuushona upya. Asilimia moja ni mie. Lakini nani anakula biriani akauliza mchele umelimwa na nani?

Maneno yote nimeyabadili. Ukurasa wa mwanzo una saa za sala na ratiba ya boti. Ukurasa ukikosekana kinaandika: Yakhe, imeshindikana. Kanywe chai. Nembo ya Orika ni ndege. Nimemvisha kofia ya viua, ile tunayovaa na kanzu.

Bi Asya, mwalimu mkuu wa skuli, amekubali. Chumba kipya cha kompyuta kinafunguliwa Jumanne ya tarehe 27. Kompyuta ishirini, zote zitatiwa kivinjari changu, na mgeni rasmi ataambiwa nani kakitengeneza. Hapo ndipo nilipopataka. Nimefunga spika za msikiti, nimefufua redio za nusu ya Chake Chake, kompyuta nimejifundisha kwa kuifungua ya kwanza nikabaki na skrubu tatu za ziada. Jina langu, Jecha Ngwali, haliko popote. Hamdan wa duka la mkabala ana diploma ya Unguja. Kaitia fremu, kaiwekea na taa. Taa!

Ijumaa, 16 Januari

Baba mkwe, Mzee Mbarouk, hakuniitikia salamu msikitini.

Nilimwekea Orika Pemba kwenye simu. Jana alifunga sunna ya Alhamisi. Simu ikamwambia Magharibi imeingia. Akala tende, akanywa maji, akainua macho: jua hilo, linamtazama.

Kosa dogo. Jedwali la saa nimelinakili kutoka ukurasa wa mji mwengine. Nimeshalirekebisha. Nikamwambia mwenye kula kwa kukosea hana dhambi. Akasema anajua, dhambi ni ya aliyemharibia simu.

Wateja wengine niliowawekea, kimya. Hakuna hata mmoja aliyekuja dukani kulalamika. Maana yake wameridhika.

Jumamosi, 17 Januari

Barua pepe kutoka kwa wenye Orika! Nikadhani pongezi. Nikamwita mke wangu Khairat aje asikie.

Wanauliza kwa adabu, Jecha ni nani? Wamepokea malalamiko arobaini na moja kwa lugha wasiyoijua, mengi yanaanza na neno hilo. Wametafuta mfasiri. Moja linasema: Jecha, utatulisha mchana mpaka lini? Jengine: Jecha, mvue kofia huyo ndege, kafanana na mjomba wako.

Kitufe cha Toa Malalamiko! Nilitafsiri maneno yake. Yanakokwenda sikupabadili.

Halafu wakaingia kwenye jambo lao. Msimbo ni wa kila mtu, chukua, badili, gawa. Lakini jina na ndege ni alama yao ya biashara. Ukishakifumua kivinjari hicho si chao tena, na kisiitwe kwa jina lao, maana kikiharibika watu watawalaumu wao. Wanaomba nibadili jina. Wamesema tafadhali mara mbili.

Dhuluma iliyoje! Unampa mtu ng'ombe, kisha unamkataza kumwita kwa jina lake?

Khairat akasema barua nzuri sana, ina adabu. Hakuulizwa.

Jumapili, 18 Januari

Nimekwenda kwa baba mkwe kuomba radhi, nimekuta kesi.

Mzee Mbarouk ana fahali, Kishindo, anayejulikana kuanzia Wesha mpaka Pujini. Kwenye mchezo wa ng'ombe, zumari ikilia na Kishindo akiingia kiwanjani, vijana waliokuja kupunga vitambaa hukumbuka shughuli zao nyumbani. Sasa Hamdan alinunua ndama wa Kishindo. Ndama kakua, na Jumapili ijayo Hamdan anataka kumwingiza mchezoni. Kwa jina gani? Kishindo!

Damu Hamdan kainunua, Mzee anasema, ni yake, akitaka ampake hina. Jina hakuuziwa. Ndama huyo akikimbilia mikokoni, watu watasema nani kakimbia?

Nikasimama. Nilisema maneno mazito. Nikasema mtu kuchukua jina lililojengwa na mwenziwe, akalibandika kwenye kitu chake mwenyewe, huo ni wizi, na wizi wa mwenye diploma ni wizi wenye fremu. Baraza lote likaitikia. Hamdan akainamisha kichwa, akasema basi, wa kwake atamwita Wingu. Mzee akanishika mkono, akaniita mwanangu. Tende zimesahauliwa!

Njiani, karibu na nyumbani, Khairat akaniuliza, Baba Usama, na yule ndege je? Nikamuuliza ndege gani. Akasema mwenye kofia. Nikamweleza kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali. Ng'ombe ana pembe.

Akacheka mpaka mlangoni. Sheria ni ngumu, si kila mtu anaielewa.

Jumatatu, 19 Januari

Nabadili jina. Si kwa kuogopa. Kwa ukarimu.

Jina gani? Karafuu? Kila duka la Pemba ni Karafuu. Jecha? Khairat kasema watu watafikiri kimeharibika kabla hawajakifungua. Nilitaka jina ambalo Chake Chake nzima inaliheshimu tayari, lisilohitaji tangazo.

Kishindo!

Mzee sijamwambia. Nataka kumfurahisha ghafla.

Neno Orika lilikuwa mahali 2,314. Nimebadili 2,309. Hayo matano yamejificha, nitayapata. Nembo mpya ni fahali. Kofia nimeibakisha, ilikwishachorwa. Kitufe cha malalamiko sasa kinaleta kwenye simu yangu. Nani kasema sijifunzi?

Ndani kuna ukurasa wa Waliochangia, majina 611 ya mafundi wa dunia nzima. Nikakusudia kuufuta niandike moja tu. Leseni inakataza, lazima majina yabaki. Nikajiongeza basi, wa kwanza kabisa. Kompyuta ikapanga kwa herufi. Imenitupa wa 274, baina ya Jean na Jelena. Wala siwajui!

Alhamisi, 22 Januari

Wiki njema. Kishindo kimeenea. Kipo kwenye simu za marikiti nzima, kipo bandarini Wesha. Kinaganda kidogo. Ukikizima ukakiwasha, kinaendelea. Hata mie nikiamka huwa hivyo.

Na leo, Hamdan kaingia dukani kwangu! Kwa miguu yake. Akanisalimu vizuri, akaomba msimbo wa Kishindo kwenye flashi, akaomba na leseni nimchapie. Leseni inasema anayeomba msimbo apewe. Nikampa. Nikamchapia kurasa zote na kuzibana pini. Nikamwambia asione haya kuuliza asipoelewa. Akasema ahsante, fundi.

Fundi! Diploma imevuka barabara kuja kusoma kwangu. Jioni nimekula muhogo na changu wa kukaanga kwa raha ambayo sijaipata tangu harusi.

Jumapili, 25 Januari

Mchezo wa ng'ombe Pujini. Laiti ningebaki nyumbani.

Wingu wa Hamdan kaanza. Kafukuza watu vizuri tu, kwa ndama. Kisha zumari ikabadilika, kina mama wakaanza kuimba, Mzee Mbarouk akatembea mbele na kanzu yake nyeupe. Kishindo akaingia.

Akasimama.

Vijana wakapunga vitambaa. Kasimama. Mmoja akamkaribia mpaka akamgusa pua. Kasimama, anatafuna. Labda joto, labda majani aliyokula. Mie najua ng'ombe?

Ndipo sauti ikatoka nyuma: Kishindo kimeganda! Mwengine akajibu: Kizime, ukiwashe tena! Uwanja ukalipuka. Kina mama wakakata wimbo wakatunga mwengine papo hapo, kiitikio chake ni Yakhe, imeshindikana, kanywe chai. Walikuwa na sauti nzuri, lazima niseme.

Mzee hakuelewa watu wanacheka nini, mpaka jirani yake akamwonesha simu. Akaitazama. Fahali wake, na kofia.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba jina lile limemchukua umri mzima kulijenga, na mie nimelitia kwenye kitu kinachoganda, sasa ng'ombe analipa. Nikamwambia kwa heshima zote, ng'ombe kaganda mwenyewe. Khairat akanikanyaga mguu.

Jumatatu, 26 Januari

Asubuhi Khairat kaleta ujumbe wa baba yake: jina litoke leo kabla ya Magharibi. Magharibi ya kweli, si ya simu.

Nimelitoa. Lakini nitie lipi? Kila linalonijia lina mwenyewe. Kazi ikawa ya haraka, nikakimbilia skuli na kivinjari kama kilivyo. Bi Asya akakifungua. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: JINA LA BIDHAA HAPA.

Bi Asya ni mpole. Alisema hawezi kumsimamisha mgeni rasmi mbele ya wazee akamkaribisha kwenye Jina la Bidhaa Hapa. Nikaomba muda. Akasema sherehe ni kesho saa tatu, na kuna mwengine aliyekuja na kilicho tayari.

Mwengine huyo kasimama nyuma yangu. Na flashi yangu mkononi!

Kinaitwa Zumari. Nikakifungua. Saa za sala zangu. Boti zangu. Yakhe wangu, chai yangu! Kinapoganda pamerekebishwa, hiyo ni kweli, lakini mengine yote ni jasho langu na jina lake. Nikapiga kelele, mwizi! Hamdan akatoa karatasi kibindoni. Nikadhani diploma. Ilikuwa leseni, ile ile niliyomchapia, na pini yangu. Akasoma polepole: chukua, badili, gawa. Akasema msimbo kauchukua kwa ruhusa, jina katia la kwake, hakugusa langu wala la ng'ombe wa mtu.

Bi Asya akaniuliza kama ndivyo leseni inavyosema. Nikamwambia ndivyo, lakini.

Akasubiri. Sikuwa na zaidi ya lakini.

Jumanne, 27 Januari

Nilikaa safu ya nyuma, karibu na feni mbovu ambayo ningeweza kuitengeneza kama ningeombwa.

Kompyuta ishirini, zote Zumari. Mgeni rasmi akakata utepe, akaketi, akabonyeza. Mtandao ukakatika. Ukutani, kwa projekta, mbele ya wazee wote na maofisa wa wilaya: Yakhe, imeshindikana. Kanywe chai.

Hamdan kakauka kama ng'onda. Nikaanza kuisoma Ayatul Kursiyu, sijui kwa ajili ya nani.

Mgeni rasmi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akavua miwani. Akauliza nani kaandika hivi, maana kompyuta za ofisini kwake zinamtukana kwa namba tupu, hii inamwambia kama mtu na mwenziwe. Hamdan akakohoa. Bi Asya hakumngoja. Akafungua ukurasa wa Waliochangia, akateremka, akateremka, majina ya dunia nzima yanapita ukutani, mpaka akasimama.

Jean. Jecha Ngwali, Tibirinzi. Jelena.

Huyu hapa, akasema, kakaa nyuma karibu na feni. Watu wakageuka. Wakapiga makofi! Khairat naye kapiga, na baba yake kwa kumwonea haya binti yake.

Nimehesabu vizuri. Sasa ni wa 275 kati ya 613. Hamdan kajiongeza, na H iko kabla ya J. Nimeshushwa nafasi moja na herufi! Lakini jina liko, ukutani nimeliona, na leseni inasema hakuna wa kulifuta. Yeye na fremu yake, mie na leseni yangu.

Alhamisi, 29 Januari

Raha mustarehe. Hamdan kasahau kubadili kitufe cha malalamiko! Skuli nzima inaniandikia mie. Tangu jana meseji hamsini na tatu. Yakhe Jecha, sauti haitoki. Yakhe Jecha, boti ya leo imeondoka? Najibu zote. Hakuna anayesema Zumari, wanasema kile cha Jecha. Hamdan kavuka barabara kulalamika. Nikamwambia atumie kitufe.

Baba mkwe kaniitikia salamu. Nusu, lakini kaitikia. Kishindo kaanza tena kufukuza watoto njiani, hana neno.

Na sasa nina jambo kubwa zaidi. Nimepata programu nyengine huria, ya kuandikia barua na kufanyia mahesabu. Asilimia tisini na tisa wameshafanya wenyewe. Asilimia moja nimeanza leo baada ya Alasiri. Safari hii sirudii kosa, jina nimelichagua mapema, jina safi, linaloaminiwa na kila mzazi Chake Chake. Si la kampuni, wala si la ng'ombe.

Itaitwa Bi Asya. Nembo ni kalamu iliyovaa mtandio.

Mwenyewe sijamwambia. Nataka kumfurahisha ghafla. Kitufe cha malalamiko nitakishughulikia baadaye.