Mama Mkwe, Mnara wa Taa na Kamba ya Katani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mugutha, Ruiru. Namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa. Mke wangu Ciku amebakisha wiki chache ajifungue, na anataka mama yake aje akae nasi. Mama mkwe hataki. Anasema hawezi kulala kwa mtu aliyemrekebishia redio ikashika moto katikati ya mahubiri. Moto wenyewe ulikuwa mdogo! Leo Ciku amelia tena jikoni. Siwezi kuvumilia kumwona akilia.

Nimepata dawa. Marehemu baba mkwe alipokuwa kijana alipaka rangi bandarini Malindi. Alizoea kumwambia mkewe kwamba ukiwa juu ya mnara wa taa ya meli unaiona bahari mpaka inapojikunja. Mama alimwita mwongo maisha yote. Sasa mzee hayupo, na maneno yake hayamtoki mama kichwani. Nikimpandisha ajionee, atanikatalia nini? Nimempigia simu kule Thika. Amekubali! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Bedan amesikia. Huyu amemwoa dada yake Ciku, ni msimamizi katika kiwanda cha biskuti, Eneo la Viwanda. Kila Jumapili humpelekea mama mfuko wa biskuti zilizovunjika, basi anaitwa mwanangu. Mimi naitwa yule wa Ciku. Sasa amejitolea kutupeleka Malindi na Probox yake. Kujipendekeza tu! Lakini mimi sina gari. Nimeshukuru, shingo upande.

Shida ni ngazi. Nimeona picha kwenye simu: nyembamba, za kuzunguka. Na kwetu mtu hamgusi mama mkwe ovyo. Nikipanda mbele, makalio yangu yatakuwa usoni pake. Nikipanda nyuma... hapana, hata kuandika siwezi. Suluhisho: kamba ya katani! Ncha moja kiunoni mwangu, nyingine kiunoni mwake, mimi juu kabisa, hatuonani. Kamba si mkono.

Nimefanya mazoezi kwenye ghorofa lisilokwisha kujengwa hapa jirani. Gunia la viazi ndilo lilikuwa mama mkwe. Lilipanda vizuri mpaka ghorofa ya kwanza. Halafu likashuka lenyewe, likaingia kwenye simiti ya mafundi. Nimekimbizwa kwa beleshi mpaka barabarani. Nashukuru hakuna aliyeumia ila viazi.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Malindi. Joto! Mama amesafiri kiti cha nyuma peke yake kama bibi harusi. Kiti cha mbele kimekaliwa na kikapu chake. Mimi nimesafiri kwenye buti. Karibu na Voi Bedan aliwasha redio, akaizima haraka, akasema pole mama, nimesahau. Hakusahau!

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Naandika nimelala kifudifudi. Nieleze polepole.

Mnara ni wa zamani sana, mweupe, mlango wake una kutu. Mlinzi ni bibi mmoja anaitwa Kulthum. Mama akamsalimia, akasema, kwa matamshi ya kwetu, tumetoka Thika kuona taa ya meri. Kulthum akauliza Meri gani, maana tangu aanze kazi pale hajamwona Meri yeyote. Ilibidi niingilie: meli, vyombo vya baharini. Bedan akautazama mnara mpaka juu, akasema yeye atalinda gari. Gari lilikuwa limefungwa! Kumbe anaogopa kwenda juu. Nilifurahi vibaya sana.

Tukafunga kamba, tukapanda. Katikati goti la mama likagoma. Akaketi kwenye kidato. Hapandi, hashuki. Nikamsikia akimwita Mungu, "Ngai!" kutoka chini yangu. Kulthum, aliyekuwa nyuma yake, akaniambia nishuke nimshike mama wa watu mkono. Nikamweleza mambo ya mkwe. Akanijibu kwamba hata kwao mkwe huheshimiwa, ila haachwi ananing'inia kama nguo iliyoanikwa. Bedan naye akapaza sauti kutoka nje, ati nivute polepole. Bedan wa kunifundisha mimi kuvuta!

Nikavuta kwa nguvu zote. Fundo likashika. Viatu havikushika. Nilishuka kwa makalio, kona ya kwanza, kona ya pili, nikatua. Mapajani mwa mama mkwe.

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, Ciku, nisamehe, nimeharibu kila kitu. Mara nikahisi tumbo la mama linatikisika. Anacheka! Alicheka mpaka akakohoa, mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Ciku, nilipomsimulia kwa simu, amesema mama hajacheka hivyo tangu tumzike mzee. Na goti likaachia. Akanisukuma kando, akaifungua kamba kiunoni, akapanda na Kulthum.

Mimi nilibaki pale, kusimama siwezi. Nilisikia hatua zao zikifika juu kabisa. Halafu nikamsikia mama, polepole, kama anayeongea na mtu aliye karibu: "Kumbe hukunidanganya, mzee wangu."

Nililia. Si kwa sababu ya makalio tu.

Aliposhuka alitoa hukumu. Nimemkalia, kwa hiyo mbuzi wa faini ni lazima. Mbuzi atachinjiwa kwangu Mugutha, na atakuja mwenyewe kuhakikisha. Na akishakuja, haoni haja ya kuondoka kabla mtoto hajazaliwa. Asante Mungu! Asante Kulthum! Asante hata kwa Bedan, aliyenibeba mgongoni mpaka garini na hakutaja redio hata mara moja.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mama amefika. Yuko jikoni na Ciku, wanaimba nyimbo za kanisa, na uji unanukia nyumba nzima. Sina la kudai tena duniani. Naandika nimesimama.

Ciku ameniuliza kama sasa nimeachana na ujanja. Nimemwapia kwamba nimeachana nao kabisa.

Limebaki la mbuzi. Jumamosi mama anamtarajia, na bei za sokoni ni za kutisha. Lakini nashukuru, milango inafunguka! Leo nimekutana na jamaa wa Witeithie, Mbaluka, anayekodisha mbuzi wa sherehe. Unamchukua Jumamosi asubuhi, unamrudisha Jumatatu akiwa mzima. Rahisi mno! Nimeshamlipa. Hilo neno mzima nitamwuliza maana yake nikienda kumchukua.