Bruchi ya Koti la Profesa

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku kudonoa, lakini aliposikia kwamba mjane wa daktari wa meno ananunua mapambo ya zamani ya vito vya kioo, moyo wake ulicheza ngoma. Hiyo ndiyo ilikuwa taaluma yake. Jikoni kwake bruchi mpya za sokoni, vile vipambo vya kubandika kifuani, zililala kwenye siki na majani ya chai, zikaamka vikongwe.

Ya kweli alikuwa nayo moja tu, aliyoachiwa na bibi yake, na hiyo asingeiuza hata kwa njaa. Aliivaa kwenye koti ili wateja wailinganishe na zile za siki. Safari hii alikuwa ametengeneza pacha wake kabisa, na alijipongeza njia nzima.

"Karibu, baba," alisema mjane, akichomoa kioo kidogo cha marehemu, kile cha kuchungulia magego. "Hebu tuone."

"Mama, hii imetuzidi umri sote wawili. Tazama mgongoni: vito vimeshikwa kwa meno, si kwa gundi."

"Meno nayajua. Nivulie na hiyo ya koti, nizione pamoja."

Profesa akaivua bila wasiwasi. Mteja akishaanza kulinganisha, amenasa.

Mjane akazipulizia pumzi, akazigeuza, akaguna. "Macho yangu haya! Nifungulie pazia, mwanangu."

Akalifungua. Aliporudi, mjane akambandika bruchi kifuani kwa mkono wake mwenyewe, akampangusa vumbi begani kama mama anayempeleka mtoto shule. Kisha akalipa bila kubisha. Profesa alitoka akiwahurumia wajane wote duniani.

Nje jua lilikuwa kali. Koti likapata joto, na harufu fulani ikampanda puani. Akainamisha kidevu, akanusa kifua chake mwenyewe.

Siki.

Alirudi mbio, machozi yakimlenga. Sebuleni sasa walikuwa wameketi mashoga watatu wa mjane, kila mmoja na bruchi kifuani. Profesa alizitambua zote. Alikuwa amezichovya mwenyewe.

"Mama, umechanganya! Hiyo ni ya marehemu bibi yangu!"

"Pole, baba." Mjane aliishika bruchi ya bibi kwa upole. "Basi tueleze hapa, mbele ya wenzangu: hii na hiyo yako zina tofauti gani?"

Wanawake watatu wakageuka kumsikiliza mtaalamu wao.

Profesa akazitazama zile bruchi tatu vifuani mwao.

"Hazina tofauti," akasema.

"Nami ndivyo nilivyoona," alisema mjane. "Utakunywa chai, au umeitumia yote?"