Kadi za Ghorofa ya Tano

Waraka ulipotoka, ghorofa ya tano iliingia msibani. Kampuni ilikuwa imechoka kulipia jengo linalokaliwa na viti tu. Kuanzia sasa kila mtu atakuja ofisini siku tatu kwa wiki, zinazobaki afanyie kazi nyumbani, na mashine ya mlangoni itasoma kadi za wote. Asiyesomwa, atajieleza.

Watu walishika tama. Mmoja tu alitabasamu: Mtelezo wa kitengo cha mauzo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kukabidhiwa isimteleze ikaangukia kwa mwenzake.

"Jamani, machozi ya nini na mimi nipo?" alisema. "Nipeni kadi zenu. Nitakuja kila siku, niwagusishie mlangoni. Nyinyi kaeni na watoto wenu."

"Na wewe unapata nini?" aliuliza mhasibu, mama asiyeamini saa ya ukutani mpaka ailinganishe na ya mkononi.

"Thawabu tu, dada. Ila vikazi vyangu vidogo vidogo, mgawane hukohuko nyumbani. Kugusisha nako kunachosha."

Wakampa kadi, na baraka juu.

Asichowaambia ni kwamba ofisini angekuja hata kwa kutambaa. Nyumbani kwake alikuwa amehamia mama mkwe, na kwa mama mkwe yule, mtu aliye mbele ya kompyuta ni mtu aliyekaa bure. "Baba, kwa kuwa umekaa tu hapo," angeanza, na kabla ya mchana Mtelezo ameshahamisha kabati, amelirudisha, na amepanda juu ya bati kutafuta panapovuja. Na mkwe hakataliwi, hata mjanja analijua hilo.

Basi kila asubuhi aligusisha kadi moja, akapita, akatokea mlango wa nyuma, akarudi na nyingine, kama mbuzi anayezunguka kigingi chake. Mlinzi alipouliza, alijibu kwa uso wa mazishi, "Naijaribu mashine, mzee wangu. Usimwambie mtu, ni siri ya kampuni." Mlinzi akaanza kumpigia saluti.

Kisha alipanda juu, akaegemeza miguu mezani, akalala usingizi wa haki. Huko majumbani wenzake walimfanyia kazi zake, tena vizuri, maana kila mmoja aliogopa kadi yake isisahaulike.

Siku moja mhasibu alifuata ofisini miwani aliyoisahau. Akamkuta Mtelezo kajilaza, simu sikioni.

"Niko kikaoni, mama," alikuwa akinong'ona. "Kikao kizito. Bati? Kaka yake mke wangu je, hawezi kupanda? Hapana, mama, leo siwahi kurudi. Wala kesho."

Mhasibu alichukua miwani yake, akaondoka kwa ncha za vidole.

Wiki iliyofuata meneja alimwita Mtelezo. "Hongera, kijana. Mhasibu amenionyesha jambo. Kompyuta zinasema ripoti zako zote nzuri zimeandikwa nje ya jengo hili. Humu ndani hujaandika hata sentensi moja."

"Bosi, mimi ofisi naipenda..."

"Usijinyime! Kila mtu na mahali panapomfaa. Kuanzia Jumatatu utafanyia kazi nyumbani, moja kwa moja."

Angesema nini? Kwamba ripoti si zake? Akashukuru, sauti ikitoka kama ya mtu anayevalishwa kiatu kinachobana.

Nje ya mlango mhasibu alikuwa amenyoosha mkono. "Kadi za watu."

"Dada, umeniua! Unajua nani yuko kule nyumbani?"

"Najua. Kwangu mimi yuko mume aliyestaafu juzijuzi, anajifunza kupiga tarumbeta. Ulidhani ni wewe peke yako unayehitaji kukimbilia ofisini?" Akazipokea kadi, akazipanga mkobani. "Kazi zako sasa ufanye mwenyewe. Na vikazi vyangu vidogo vidogo nitakutumia hukohuko, la sivyo meneja ataambiwa ripoti zile ni za nani. Kugusisha kunachosha, au nimekosea?"

Jumatatu asubuhi mlinzi alimpigia mhasibu saluti. Wakati huohuo, mbali na pale, Mtelezo alifungua kompyuta na kukuta kazi zake na za mhasibu zimempangia foleni. Hajagusa hata herufi, kandambili zikasikika ukumbini, pole pole, na nyuma yazo ngazi ikiburutwa sakafuni.

"Baba," ilisema sauti, "kwa kuwa umekaa tu hapo..."