Uhakiki wa Kochi Letu

Akina mama wenzangu, inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba kifurushi chenu cha televisheni hakijabadilika hata kidogo, isipokuwa vile vilivyomo ndani yake.

Ndivyo barua ya kampuni ya ving'amuzi ilivyosema. Niliisoma mara tatu nikaona ina busara. Zile filamu za mtandaoni zilizokuwa zikija pamoja na kifurushi zitaendelea kuja, ila sasa zitamjia mwanakaya halisi tu. Mwanakaya halisi, barua ikafafanua, ni mtu anayeketi kwenye kochi la nyumba husika si chini ya siku tatu kwa wiki. Kazi ya kumtambua imekabidhiwa Kitengo cha Uhakiki wa Kaya.

Nawaandikia mjihadhari, maana mimi yamenikuta.

Binti yangu, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, anasomea uuguzi mji wa mbali. Simu hapigi. Ukimpigia wewe anasema, "Mama, niko wodini," anakata. Lakini hutazama filamu kwenye simu yake kupitia kifurushi chetu, na jina lake hutokea kwenye televisheni yangu pamoja na mahali alipoishia. Basi kila asubuhi nawasha televisheni kumsoma mwanangu. Akiishia dakika ya kumi, najua amechoka, kasinzia. Akirudia ile ya vichekesho ya mwaka jana, najua mtihani umemwendea kombo. Siku asipotazama kitu, chai hainipiti kooni.

Afisa uhakiki alifika Jumanne na futi yake ya kupimia. Mtu mpole. Akapima kochi, akaandika: nafasi nne.

"Huyu Kitinda anaketi wapi?"

"Chuoni, baba."

"Basi si wa kaya hii."

"Nimemzaa mimi."

"Kuzaa hakumo kwenye mfumo, mama. Kilichomo ni kuketi."

Mama mkwe wangu, ambaye hutazamia televisheni kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, akauliza, "Na mimi je?"

"Kigoda si kochi, bibi."

Wakati huo fundi friji akatoka jikoni, akajibwaga kochini kupumzisha mgongo. Afisa akamtazama kwa heshima.

"Huyu?"

"Huyo fundi tu. Friji imemshinda, leo siku ya tatu."

"Siku ya tatu, na anaketi?"

"Akichoka."

"Mwanakaya," afisa akaandika. "Hongera, mzee."

Fundi akauliza kama anaruhusiwa kuchagua filamu. Akaambiwa ni haki yake.

Ijumaa jina la Kitinda likatoweka. Mahali pake pakatokea jina la fundi na filamu tatu za ngumi, zote kazimaliza. Hali ya fundi nikawa naijua vizuri sana. Ya mwanangu, giza. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikavaa viatu nikaenda makao makuu.

Mkurugenzi wa Kitengo alinipokea mwenyewe. Kwenye kiti cha wageni palikuwa na blanketi limekunjwa, na ndani ya kikombe cha kalamu mlisimama mswaki.

"Mama, sheria hii niliitunga kwa uchungu wa familia," akaniambia. "Miezi minne sasa sijaliona kochi langu. Nakula hapa, nalala hapa. Yote kwa ajili ya familia."

"Pole, baba. Na filamu unatazamia wapi?"

"Hapa hapa, kwenye simu. Kwa kifurushi cha nyumbani, mke wangu ndiye mwenye akaunti."

"Kama Kitinda wangu."

"Huyo ni tofauti, mama. Yeye hayupo nyumbani."

Akanipa fomu ya rufaa. Swali la saba liliuliza: *Taja mtu mwingine unayemfahamu aliye katika hali kama hiyo.* Chini yake waliandika kwamba kuficha ukweli ni kosa. Mimi mtoto wa watu sitaki kesi. Nikaandika jina la Mkurugenzi na cheo chake, kwa herufi kubwa wasipate shida kusoma.

Mfumo ule lazima niusifu, haujui upendeleo. Jumatatu ulimkatia Mkurugenzi filamu katikati. Afisa wake mwenyewe akatumwa kwake na futi, akakuta kochi la nafasi tano: mke, watoto watatu na paka. Paka alipita.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, sheria ikaboreshwa kwa manufaa ya wateja. Sasa mwanakaya ni mtu yeyote ambaye nyumbani yupo anayemngoja, na mwenye akaunti ndiye wa kuthibitisha.

Nilithibitisha nimesimama. Nilikandamiza kalamu mpaka wino ukatokea upande wa pili wa karatasi. Asubuhi nikawasha televisheni: Kitinda, dakika ya tisa. Kasinzia mwanangu. Nikanywa vikombe viwili.

"Na mimi, mama," fundi akaniuliza kutoka kochini, "nani ananingoja?"

"Friji."

Nikamthibitisha naye. Mama mkwe nilimwandika wa kwanza, hata hakuniuliza.

Basi onyo langu ni hili: fomu ikija nyumbani msiidharau, jazeni mstari kwa mstari. Mke wa Mkurugenzi naye aliletewa yake, na afisa anasema hajapata kuona fomu iliyojazwa vizuri vile, mwandiko kama wa mwalimu. Kwenye mstari wa mume aliandika: *Tulimngoja miezi miwili. Sasa tumezoea.*

Afisa akaipeleka mezani kwa Mkurugenzi, maana mtu akikataliwa lazima Mkurugenzi atie sahihi. Akatia sahihi, akagonga na muhuri.